Gari la Kumtoa Mama Bondeni

Zahanati, 8 Januari

Kaka,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu simu hupokei. Nimepiga mpaka namba yako naiimba kama kibwagizo, na wewe unakata tu. Barua haina kitufe cha kukatia. Ukishaifungua utaisoma, nakujua.

Huku tuko wazima. Mama ni mzima kwa kiasi chake. Ile nyonga haijarudi tangu mafuriko yale, kitandani mpaka ageuzwe, na kiti cha magurudumu anakaa asubuhi tu, jua likiwa bado dogo. Mimi bado mkunga hapahapa. Ukipita shule ya msingi, nusu ya darasa la kwanza nimewapokea mimi, na hawanisalimii.

Sababu ya barua ni hii. Wiki iliyopita walikuja wapimaji kuliangalia tuta la mto. Walitembea juu yake, wakapiga picha nyufa, kisha mkubwa wao akatuambia bila kuumauma maneno: "Hili halivuki masika." Masika unajua ni lini. Kamati ya mtaa imeamua kununua gari la kuwatolea wasioweza kutembea. Nimepita nyumba kwa nyumba, nimepata kumi na mmoja, Mama akiwemo. Mwenyekiti wetu, yule muuza vitambaa tunayemwita Suti, anataka gari la kupendeza. Mimi nataka gari lisilozimika. Hapa hakuna anayejua tofauti yake ila wewe.

Najua ninachokuomba. Najua pia nani alichagua lile la kwanza. Ndiyo maana nakuomba wewe.

Mdogo wako,
Kitinda Mimba


Gereji, 20 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kwa hilo usinitafute. Mafundi wamejaa, tafuteni mwingine.

Lile basi dogo nililichagua kwa sababu lilikuwa na viti laini na Baba aliipenda redio yake. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu: "Hili halizimiki, Baba." Likazima katikati ya daraja, maji yakiwa bado hayajafika magotini. Waya zililowa, basi. Baba akashuka kusukuma. Yaliyofuata uliyaona, wewe ulikuwa ndani umemshika Mama.

Na siku ile makaburini nawe ulikuwepo. Mama aliniambia mbele ya watu wote, udongo ukiwa bado mbichi: "Gari lako ndilo lililomzika." Nilipanda basi la jioni, na huu ni mwaka wa sita jibu sijalipata.

Kiti cha Mama, beringi zake zipakwe grisi kila mwezi. Zikianza kulia msizimwagie mafuta ya kupikia. Najua mtafanya hivyo.

Kaka yako


Zahanati, 4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Tulishamwagia. Sasa kiti kinanuka kaango, na paka wa jirani hakiachi.

Nilimsomea Mama barua yako yote, sikuruka neno. Nilipofika penye Baba aligeuza uso ukutani, na ujue kujigeuza kwake ni kazi. Jioni nilipokuwa namlisha akaniuliza: "Mwulize, kitanda kitaingia?" Nikamwambia, Mama, kitanda kipi? Akasema: "Mimi siwezi kukaa, nina maumivu. Mwulize gari hilo kitanda kitaingia?"

Hilo tu. Nakuletea kama alivyolisema.

Kamati imeonyeshwa magari matatu. La kwanza ni pikapu nyekundu ya milango minne, mpya, inawashwa kwa kitufe. Suti ameshapiga nayo picha mara mbili, moja ameegemea boneti. La pili ni basi dogo, ndugu wa lile. La tatu ni lori dogo la dizeli, la zamani. Lilikuwa likibeba mchanga. Rangi imebanduka na mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini mwenyewe anasema magurudumu yote manne yanavuta. Suti amesema akionekana ndani ya lile, wateja watadhani amefilisika.

Tunapiga kura Jumamosi ya wiki ijayo. Usipojibu, nyekundu itashinda.

Mdogo wako


Gereji, 11 Februari

Mdogo wangu,

Chukueni lori la mchanga.

Mwambie Suti uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gari la kuokolea watu halichaguliwi kwa macho. Unajiuliza: likigoma saa mbaya, nani atalitengeneza, na kwa kifaa gani? Ile nyekundu ikigoma inataka kompyuta, na kompyuta mtaitoa wapi maji yako mlangoni? Lori la zamani likigoma linataka spana na mtu mwenye akili timamu. Dizeli haina plagi za kulowa. Tena ni zito, maji hayalibebi upesi, na tumbo lake liko juu.

Lileteni kwangu. Injini hufa majini kwa sababu inavuta maji badala ya hewa, kwa hiyo nitaliwekea bomba la kuvutia hewa lipande mpaka juu ya paa. Breki nitazifungua zote. Kitanda kitaingia. Nitakitengeneza mwenyewe, cha chuma, kikae juu ya springi ili nyonga isipigwe na mashimo.

Likirudi huko, tangi lisishuke chini ya nusu hata siku moja. Liegeshwe mlimani, uso ukitazama njia ya kutokea. Na mfanye zoezi la kuwapakia wagonjwa kukiwa kukavu, maana mkono usiozoea hukosea kwenye maji.

Sasa nisikilize vizuri. Kazi hii naifanya kwa ajili ya Mama. Kamati sina habari nayo. Wale kumi watapanda kwa sababu yeye anapanda. Siku Mama akikataa gari lililopita mikononi mwangu, nafungua kila boliti na kuwarudishia lori lenu kama lilivyokuja.

Nitumie vipimo vyake. Urefu toka utosini hadi kisiginoni, na upana wa mabega.

Kaka yako


(Barua hii haikutumwa)

Zahanati, 22 Februari

Kaka yangu,

Mama hatunaye.

Kifua kilianza Jumapili. Nilidhani mafua. Jumatatu usiku akawa anapumua kama anayepanda ngazi, na dawa niliyokuwa nayo ndiyo hiyohiyo ninayowapa watoto. Alikata roho Jumanne tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Nilikupigia. Ulikata. Nikapiga tena. Ukakata. Sikulaumu, ungejuaje. Mvua ilikuwa imekata njia na tusingeweza kukungoja. Tumemzika Jumatano, kando ya Baba.

Barua yako ya lori imefika Alhamisi. Unaomba vipimo vyake. Kaka, vipimo ninavyo. Mchimba kaburi alimpima kwa kamba, na kamba hiyo iko mfukoni mwa gauni langu mpaka sasa hivi ninapoandika.

Kura iliahirishwa kwa mvua, imepigwa leo, lori limeshinda. Watu kumi wanangoja. Wewe umesema

(hapa barua inakatika)


Zahanati, 6 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, njia ilikuwa imekatika.

Lori limeshinda kwa kura nyingi. Suti alipinga, lakini niliwasomea maneno yako ya kompyuta na maji mlangoni, watu wakacheka, na kicheko ndicho kilichomshinda.

Vipimo vya Mama ni futi tano na inchi mbili. Mabega, futi moja na inchi nne.

Mama anakusalimu sana. Amefurahi kusikia kitanda kitaingia. Anasema atapanda. Anasema pia, mwanangu mpenzi, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Amekusamehe kwa moyo mmoja, nawe usijitese tena. Amesema nikuandikie hivyo hivyo.

Lori atakuletea Taratibu, yule dereva mstaafu. Amepewa jina hilo kwa sababu punda humpita, lakini njia ya bondeni anaijua hata akifumba macho.

Mdogo wako


Gereji, 21 Machi

Mdogo wangu,

Lori hilo linarudi na Taratibu, na barua hii nimempa mkononi.

Nimelala nalo siku tisa. Bomba la hewa ni lile unaloliona limepanda juu kama shingo ya twiga. Radieta ni nyingine, klachi ni nyingine, mlango uliofungwa kwa waya sasa unafunguka na kufungika. Nimelipeleka kwenye dimbwi la wachimba kokoto nikalisimamisha humo, maji kifuani pa injini, nusu saa nzima likinguruma. Halikukohoa.

Kitanda kiko upande wa kushoto, maana upande wa kulia barabara imeliwa zaidi na mashimo. Kina mikanda mitatu. Ule wa katikati usikazwe, unapita juu ya nyonga. Nimelala juu yake mwenyewe huku fundi mwenzangu akiliendesha kwenye mashimo, nikazilegeza springi zake mara mbili mpaka niliporidhika. Kando nimechomelea mkono wa chuma, ashike akiogopa. Nimeuviringishia kitambaa, chuma ni baridi.

Nilimwuliza Taratibu, Mama siku hizi analalia ubavu upi? Akaniambia, "Fundi, twende tukajaribu breki." Mzee huyo kazi mbele.

Maneno ya Mama nimeyasoma. Nimeyapokea.

Kaka yako


Zahanati, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Gari limefika salama. Tumefanya zoezi mara tatu kama ulivyoagiza. Mara ya kwanza tulitumia dakika arobaini kuwapakia watu watano na kumsahau wa sita chooni. Mara ya tatu, kumi na nane, na choo tulikagua.

Kitanda ni kizuri mno. Mama ameridhika nacho.

Mvua imeanza. Sina la kuongeza.

Mdogo wako


Gereji, 23 Aprili

Mdogo wangu,

Redio imesema tuta limepasuka juzi alfajiri. Wametaja bonde letu, hawakutaja watu. Leo nimepiga simu yako, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu niondoke, nayo haiiti. Nimepiga mara thelathini. Sasa najua ulivyokuwa ukijisikia.

Nijibu mambo haya. Gari liliwaka? Liliwaka kwa mara ya kwanza au ya pili? Darajani maji yalifika wapi? Wewe uko wapi, unalala wapi?

Mama alilala vizuri kitandani?

Kondakta wa basi la njia panda amenihakikishia atakutafuta popote watu waliposimama. Mpe jibu yeye.

Kaka yako


Shuleni mlimani, 27 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Niko hai. Tunalala darasani, madawati tumeyasukuma ukutani. Nakujibu kwa mpangilio wako.

Gari liliwaka kwa mara ya kwanza. Mlinzi wa tuta alipiga kengele saa kumi na moja alfajiri, na Taratibu alikuwa ameshakaa kwenye usukani kabla kengele haijanyamaza. Siku hizo alikuwa akilala humohumo. Tulikwenda safari tatu. Ya kwanza, maji yalikuwa kwenye ringi. Ya pili, kwenye ngazi ya mlango. Ya tatu tulipofika darajani hatukuliona daraja, tuliziona nguzo za pembeni tu, na maji yalikuwa yakigonga taa za mbele. Nilimwambia Taratibu, simama, tumekwisha. Akaniambia, "Mkunga, wewe huwaambia wanawake waache katikati?" Akaingia. Kaka, nilikuwa nimefumba macho naisikiliza injini. Niliisikiliza vile ninavyosikiliza moyo wa mtoto tumboni. Haikuruka hata pigo moja.

Tumewatoa wote wasioweza kutembea. Na wengine wengi waliokuwa wakiweza wakashindwa. Suti alivunjika mguu akiokoa vitambaa, naye ndiye aliyelala kitandani safari ya mwisho, ameushika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili. Njia nzima alikuwa akisema, "Lori zuri hili. Lori zuri hili." Nyumba zimekwenda. Zahanati imebaki kuta mbili. Watu hawakupungua.

Sasa swali lako la mwisho. Nimeliacha nyuma kwa sababu ya woga.

Mama hakulala kwenye kitanda kile. Mama alifariki Februari, tarehe kumi na nane, kwa kifua, siku chache baada ya wewe kuandika kuhusu lori na kabla barua hiyo haijatufikia. Tulimzika bila wewe. Naweka humu ndani barua niliyokuandikia siku zile nikashindwa kuituma. Isome uone nilipokatia, utajua kwa nini. Ulisema unafanya kwa ajili yake tu. Kila nilipotaka kukuambia, nilikuwa natoka kumgeuza mtu kitandani. Nikapima. Nikakuacha wewe uumie baadaye ili wao wasife sasa. Taratibu nilimwapisha mimi, usimlaumu mzee wa watu.

Vipimo nilivyokutumia ni vya kaburi.

Na lile la msamaha ni langu. Mama hakulisema. Nilikaa usiku kucha nikitafuta angesemaje, nikakuandikia. Nilidhani nakupa zawadi. 

Sitakudanganya tena, kwa hiyo nakupa alilolisema kweli. Ilikuwa Jumapili, kifua kilipoanza. Nilimwuliza waziwazi: Mama, umemsamehe Kaka? Akasema: "Aje aniulize mwenyewe."

Nilitaka kukuandikia hilo Jumatatu. Jumatatu hiyo sikuondoka kitandani kwake.

Nifanye utakavyo. Usiponijibu nitaelewa.

Mdogo wako


Gereji, 9 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimekaa na barua yako siku tano. Kazi sikufanya. Wateja wamedhani naumwa, nami nikawaacha wadhani.

Nianze na lililo baya. Ulininyima kumzika Mama. Najua njia ilikatika, najua simu nilikata mimi, kila kitu nakijua. Bado nina hasira, na nakuambia wazi kwa sababu tumeshadanganyana vya kutosha. Usinibembeleze. Itapungua yenyewe au haitapungua.

Sasa na mimi nikuambie la kwangu. Nilijua.

Sikujua tarehe, lakini nilijua. Barua yako ya Machi ilipofika niliisoma nimesimama, nikafika penye "mwanangu mpenzi, yaliyopita si ndwele", nikakaa chini. Mama yetu alisema methali lini? Mama akitaka chumvi alisema chumvi. Nikajiambia labda ugonjwa umembadilisha. Kisha akaja Taratibu. Nilipomwuliza habari ya ubavu, hakunitazama. Aliangalia kitanda, akakipapasa, ndipo akanijia na habari za breki. Kitanda kilikuwa hakijafungwa boliti bado. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Ningeuliza, ungenijibu. Ukishanijibu ningelazimika kufungua kila kitu, kwa sababu nilishaandika hivyo kwa mkono wangu, na mimi na Mama ni wamoja kwa kiburi. Basi sikuuliza. Niliifunga boliti. Wale watu kumi sikuwajua, lakini wewe ulikuwa umewapita nyumba kwa nyumba. Kuna saa nikiwa chini ya lori nilisahau kabisa nilichokijua, nikawa nakisugua kile chuma kisimkwaruze. Hizo ndizo saa nilizokuwa na Mama mwaka huu.

Kwa hiyo usikeshe ukifikiri ulinidanganya. Nilikusaidia.

Lori lisiendeshwe mpaka nilione. Limezama mpaka taa, maji yatakuwa yameingia kwenye ekseli, na mafuta yatakuwa yamegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwambie Taratibu asiliguse hata kama Suti analitaka la kwendea hospitali. Nakuja na mafuta mapya.

Nimekata tiketi ya Ijumaa. Usinipokee njia panda, na usiwaambie watu. Nitashuka, nitapandisha kwa miguu mpaka makaburini. Wewe nikute hapo, unionyeshe lipi ni lake, kisha uniache.

Ameniambia niende nikamwulize mwenyewe. Sijui mtu anaanzaje. Nimejaribu hapa gerejini, mlango nimefunga, hata "shikamoo" haikutoka.

Nitakaa mpaka itoke.

Kaka yako